Mwandiko wa Elieza Ubaoni

Mwalimu Yasinta hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Mwanamke aliyeacha kazi serikalini mwaka wa tisini na tatu, zama zile za ruksa kila mtu akifungua chake, akakodi chumba Chang'ombe na kuwafundisha Kiingereza makarani na wachuuzi, huyo ana muda wa mizimu kweli? Walianza wawili, yeye na mwalimu mwenzake Elieza. Machi Elieza akafa, lori lilipopinduka kwenye mlima wa Kibakwe alikokwenda kuchukua madawati.

Tangu hapo, kila Jumapili, mama yake Elieza alimuuliza Yasinta swali lilelile nje ya kanisa: "Nani alimtuma mwanangu na mvua ile?" Yasinta alijibu, "Alitumwa tu, mama. Mambo ya shule." Kisha akaondoka mbio.

Kila mchana aliandika ubaoni sentensi kumi, akafunga mlango, akaenda kula. Saa kumi wanafunzi walikuja kuzigeuza. Kiingereza hakina mchezo, aliwaambia: mtenda mbele, kitendo katikati, mtendwa nyuma. Ukigeuza, mtendwa anapanda mbele, na mtenda unaweza kumtupa kabisa. "Henry sold the goat." "The goat was sold." Mbuzi kauzwa, nani kamuuza, shauri yako.

Jumatatu moja ya Juni alifungua mlango akakuta zote kumi zimekwisha kugeuzwa, watenda wamefutwa safi. Mwandiko ulilalia kushoto, herufi t hazikukatwa. Wa Elieza! Na ufunguo ni mmoja tu, uko shingoni mwake. Jamani, nywele zilimsimama. Alifuta upesi, akajiambia ni uchovu. Jumanne vilevile. Jumatano alihesabu sentensi kumi na moja. Ya mwisho hakuiandika yeye: "Elieza was sent to Kibakwe." Elieza alitumwa Kibakwe.

Alhamisi hakula. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akamkuta uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka?"

Yasinta alipiga magoti. "Mimi ndiye niliyemtuma Elieza. Si shule. Mimi."

Ungo haukusimama. "Najua. Aliniaga. Nataka kujua moja tu: alitaka kwenda?"

Hapo ndipo Yasinta alipoogopa kuliko alivyouogopa ubao. Alimwona tena Elieza amejifunika koti, akitetemeka kwa homa, akimsihi wangoje mvua ikatike.

"Hakutaka, mama. Alikuwa anaumwa. Nikamwita mvivu."

Mama aliweka ungo chini.

"Mimi nimesikia," alisema. "Sasa rudi darasani ukamwambie na yeye. Anakungoja."

Habari za ubao Yasinta hakuwa amemwambia mtu yeyote.