Mate ya Kumsafishia Farasi

Picha kumi na moja ninazo za farasi wa kuwindia, kongwe, za rangi ya mafuta. Nimezinunua kwa jasho langu, mimi niliyeishia darasa la nne. Juzi, hapa Riyadh, dada muuzaji alinifungulia ya kumi na mbili. Ile harufu ya vanishi kuukuu, nusura nitapike.

Baba alikuwa mtumishi wa bosi mmoja huko Jeddah. Picha kama hizo alizisafisha kwa pamba na mate. Siku moja, mimi bado mtoto, alikuwa amefunga, mdomo mkavu, na bosi yuko njiani.

"Tema, mwanangu. Akikuta masizi puani mwa farasi, halas, tunarudishwa kwetu."

Akanipa ndimu niifyonze, mate yajae. Nikatema, akasugua. Pamba ikawa kama kohozi la mvuta sigara, na ilipobaki hiyo tu, akanirudishia mdomoni niilowanishe.

Bosi akaingia, akambusu farasi puani, palepale pabichi. Akaramba midomo.

"Mashallah! Kama yu hai!"

Baba akanikanyaga mguu nisitapike.

"Tukusafishie hii kwa dawa, bosi?" dada muuzaji akaniuliza juzi.

"Mafi dawa, sitaki," nikamwambia. "Niletee pamba. Na ndimu."