Mayai Yangu Yaliyong'aa Mnadani

Jamani, hata kanisani sasa naingilia mlango wa nyuma.

Hapa Igunga mvua ilikuwa imetujazia tope, na kuku wangu waliyachafua mayai yote kwa miguu yao. Mimi na usafi wangu nikakusanya ya kila kiota. Tetea mwekundu akanidonoa kwa hasira. Nikamwona jeuri tu, nikamfukuza kiotani. Nikayaosha yote yakafanana, nikayapeleka sadaka.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa akayanadi.

"Mama Neema, mayai yanang'aa hivi! Ya lini?"

"Ya leo asubuhi, mzee!" nikajibu kwa sauti, ili walioleta yenye tope wanisikie.

Mzee akainua kikapu changu. Ndani ya kikapu yai moja likalia: piyo, piyo.