Kamati Iliyoridhika na Breki

Yule fundi wa magari wa Magomeni, Kilosa, tumemzika Jumanne. Wasemaji walimsifu kwa maneno tunayowasifia marehemu wote: mpole, mcheshi, mpenda watu. Uongo mtupu. Alikuwa mkali, na shikamoo zetu aliziitikia akiwa chini ya gari bila kutoa hata kichwa. Nitamkumbuka kuliko wapole wote niliowahi kuwazika.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa katibu wa kamati moja yenye jina refu kuliko kazi zake. Tulikuwa na landrova kuukuu. Mafuta ya breki yalipoadimika, kamati ilikaa, ikalaani utegemezi, ikaazimia kwa kauli moja gari litiwe maji ya sabuni, bidhaa ya nyumbani. Azimio niliandika mimi, na makofi nilipiga. Dereva hakuambiwa, kwa kuwa hakuwa mjumbe. Haikupita wiki, akiwa anateremka mlima kwenye njia ya Mikumi, pedali ikazama hadi sakafuni. Aliponea kwenye shamba la mpunga upande wa Tindiga. Gari lilipovutwa hadi Kilosa, mwenyekiti alipanda, akakanyaga: pedali ngumu. Akarudia, ngumu. Basi dereva ni mhujumu, apelekwe polisi. Mkewe alisimama getini akiuma ncha ya khanga, nami nilikwisha kuanza kuandika barua.

Fundi aliitwa athibitishe tu kwamba breki ni nzima. Kabla ya kuligusa gari alimgeukia dereva.

"Ilizama ulipoanza safari, au ulipokwisha kukanyaga sana?"

"Katikati ya mteremko, fundi. Mwanzoni ilishika vizuri."

Akafungua kikopo cha mafuta ya breki cha lile gari, akachovya kidole, akakisugua. Kikatoa povu. "Ndugu wajumbe, haya ni maji. Breki zikipata moto yanachemka, mtu anakanyaga mvuke. Hapa yamepoa, ndiyo maana pedali inawadanganya."

Mwenyekiti akasema kamati imekwisha kuijaribu pedali na imeridhika.

"Kama mmeridhika, pandeni. Twende tukateremke mlima ule ule. Naendesha mimi."

Sijapata kuona wajumbe wakipata udhuru kwa kasi namna ile. Mmoja alishikwa na homa, mwingine alikumbuka mgeni kutoka Munisagara, na mwenyekiti akaona heri kikao kiahirishwe. Fundi akanitazama. "Na wewe, Ndugu Katibu?" Nikasema lazima mtu abaki kuandika kumbukumbu. Dereva aliachiwa mchana ule ule. Niliandika kwamba suala lilimalizwa kwa busara za kamati. Kuhusu sabuni sikuandika neno, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Siku hizi nikisikia azimio likipita kwa makofi, huangalia ni nani atakayepanda gari lenyewe. Mara nyingi hayumo ukumbini. Hilo nilifundishwa na fundi, na niliona rahisi kuwafundisha wengine kuliko kulitenda. Jumanne, watu walipotawanyika, nilimkuta yule dereva, mzee sasa, akisawazisha udongo wa kaburi kwa jembe. Nikamwambia azimio la sabuni niliandika mimi.

"Najua," alisema, bila kuacha kazi. "Fundi alikusoma usoni siku ile ile. Alinikataza kukuuliza. Alisema utakuja kusema mwenyewe, naye angependa awepo asikie."