Duara la Udongo Uani

Jumba la babu yangu mjini Garissa lilijengwa na afisa wa kikoloni aliyeogopa jua kuliko simba: kuta nene, baraza pande tatu, dari juu hata popo wakajiona wako kwao. Afisa akaenda zake, akaingia Mwarabu mwenye duka la nguo. Kisha babu akauza ngamia wengi, akalinunua. Sisi wajukuu tuliringa nalo hadi shuleni.

Bibi, tuliyemwita ayeyo, hakulala ndani hata mara moja. Kwetu mwanamke huja kwa mumewe na nyumba yake: aqal, kibanda cha mviringo cha fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa na mama yake na shangazi zake. Ya kwake ilisimama uani. Babu alipotaka kusakafia ua, ayeyo alikaa mlangoni pake, akagoma. Fundi ikabidi aizunguke kwa saruji, akaacha duara la udongo.

"Ile ya mawe ni ya wanaume," aliniambia. "Leo ya huyu, kesho ya yule. Yangu ni hii."

Nilimcheka. Nililala kwake kila siku, katika harufu ya uvumba, lakini roho yangu ilikuwa barazani.

Babu alipofariki, wanawe wakaliuza jumba. Mimi nilikuwa karibu kuolewa. Ayeyo akaifungua aqal asubuhi, fito baada ya fito, akanipa yote. Yeye hakulia, nililia mimi, tena kwa ajili ya baraza!

Sasa ayeyo hayupo, na jumba ni hoteli. Juzi nilirudi, nikaagiza chai ili tu nifike uani. Baraza imezibwa kwa vioo, milango ya mbao imeng'olewa. Sikujali. Nilitafuta duara, nikalikuta, limeota nyasi. Nilivua viatu nikasimama ndani yake.

Mwenye hoteli, mama wa makamo, alinijia akitabasamu, akasema kwa lafudhi ya kwetu:

"Walaal, dada yangu, kuja kifulini. Hapo tunasakafia wiki kesho, maji ya mfua inasimama. Ama uko na haja nayo?"

Ninayo, tena haja kubwa, lakini ningemwambia nini? Ninaishi Nairobi, ghorofa ya tatu. Fito za ayeyo nimezifunga kamba, ziko juu ya kabati pamoja na mikeka. Nyumba ninayo. Pa kuisimamisha ndipo sina.

"Hapana," nilimjibu, nikavaa viatu.