Mbuzi Aliyemwamini Chepkemboi

Mtu wa huku Eburru akitaka kujua kama mbuzi wake ameshika mimba, alikuwa anampeleka kwa Chepkemboi. Hata wa kule chini Ndabibi walipanda mlima kwa ajili ya mkono wake. Mkono wenyewe ulikuwa wa kawaida tu, ngozi ngumu, na kovu la panga kwenye kidole gumba. Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nimefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye mashamba ya maua Naivasha, nimeahidiwa mengi na nimeona machache. Lakini katika miaka sita ya kuwa jirani yake sikuwahi kumwona akikosea.

Alifanya hivi. Maji yetu huku tunayapata kutoka kwa mvuke unaotoka ardhini. Unaingia kwenye bomba, unapoa, unadondoka tone kwa tone kwenye tangi, kwa hiyo maji yanakuja vuguvugu. Chepkemboi alikuwa anaacha beseni nje usiku kucha mpaka maji yawe ya kuuma meno, na mbuzi wa kupimwa hanyweshwi kitu tangu jioni. Asubuhi mbuzi akishayanywa, Chepkemboi anapiga goti upande wake wa kulia, anaweka viganja viwili chini ya tumbo, mbele kidogo ya kiwele, anangoja. Mtoto akishtuliwa na ile baridi, anagonga.

"Kushoto ni ya majani," alikuwa anawaambia wenye haraka. "Ukipapasa huko utaenda kutangaza nyasi iko na mimba."

Alikuwa mjane. Mumewe, Kipchirchir, alifariki kabla mimi sijahamia huku, na Mungu hakuwapa mtoto. Aliishi kwenye boma la shemeji yake Kiprugut, na mbuzi wote pale walikuwa wa Kiprugut, hata yule aliyemlea mwenyewe kwa chupa. Huyo alizaliwa Jumatano, mama yake akafa siku hiyohiyo, basi akaitwa Jumatano. Alilala ndani, miguuni pa kitanda cha Chepkemboi, mpaka alipoanza kutafuna blanketi. Hata alipohamishiwa bandani alikuwa akisikia sauti ya Chepkemboi anaacha kula na kugeuka. Nilimcheka sana jirani yangu kwa hilo. Nilimwambia amemharibu mnyama.

Jumatano alifika umri wa kubeba, asibebe. Mara mbili alipelekwa kwa beberu, mara mbili akarudi mtupu. Katikati ya mwezi wa sita mwaka jana Kiprugut akachoka. Kanisa lao lilikuwa linangoja wageni Jumamosi, naye alikuwa ameahidi mbuzi.

Nilikuwepo asubuhi hiyo, nimekuja kuomba jembe. Kiprugut alikuwa ameshafunga Jumatano kwenye nguzo, na kisu kilikuwa kwenye kigoda.

"Shemeji, mpime kwanza," alisema. "Mimi sichinji kitu iko na mimba. Baba yangu hakuchinja, na mimi sitaanza."

Kwao hilo si jambo la mchezo. Kisu kikigusa mnyama mwenye mimba, boma lote linakaa likingoja msiba.

Chepkemboi akaleta beseni. Jumatano akanywa. Chepkemboi akapiga goti, akaweka viganja, akaviacha pale muda mrefu kuliko kawaida yake. Ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, na mvuke wa ardhini ulikuwa unapanda kukutana nao, hata huwezi kujua upi ni upi.

"Iko," alisema. "Miezi miwili na nusu. Inagonga kidogo."

"Ya beberu gani?" Kiprugut akauliza.

"Ya Ooko. Si huwa wanachungwa pamoja?"

Ooko ni mimi. Na beberu wangu, msomaji, nilikuwa nimemhasi mwezi wa kwanza. Nilitaka anenepe. Sikumwambia mtu kwa sababu ndiye beberu pekee upande huu wa mlima, na majirani wangenila nyama. Waliojua ni watatu: mimi, Jeff daktari wa mifugo aliyekuja na koleo lake, na Chepkemboi, ambaye ndiye aliyemshika miguu.

Aliniangalia. Mimi nikaangalia jembe. Ningesema kweli, siri yangu ingetoka pamoja na uongo wake, basi nikanyamaza, nikajiambia nimenyamaza kwa huruma.

"Sawa," Kiprugut alisema, akimfungua mbuzi. "Tutangoja mwezi wa tisa. Lakini ikikosa kuzaa, shemeji, kisu ni ileile."

Jumamosi wageni walikula kondoo.

Mimi nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Miezi ingepita, Chepkemboi angesema mimba imetoka porini, fisi amekula, basi. Uongo wa kuokoa mnyama si dhambi kubwa. Hata nilimtania siku moja kwenye tangi la mvuke: "Jirani, huyo mtoto atafanana na nani?" Hakucheka. Alikuwa anajaza mtungi.

"Njoo uone," alisema.

Nilimfuata mpaka bandani. Jumatano alikuwa amesimama pembeni, na tumbo lake lilikuwa limeshuka. Nilifikiri ni majani, nikazunguka upande wa kulia. Upande wa kulia ulikuwa umejaa. Kiwele, ambacho mwezi uliopita kilikuwa kama kifuko kitupu, kilikuwa kimeanza kutuna.

"Ulimpeleka kwa beberu mwingine," nilisema.

"Wapi? Wewe ulimwona akitoka hapa?"

Sikumwona. Tangu siku ya kisu Chepkemboi alikuwa anamkatia majani na kumlisha palepale, kwa kuogopa Kiprugut atabadilisha nia. Mlango wa banda ulifungwa kwa waya.

Siku iliyofuata aliniita mapema. Beseni lilikuwa tayari, lina ngozi nyembamba ya barafu juu. Jumatano akanywa. Chepkemboi akachukua mikono yangu, akaiweka mwenyewe chini ya tumbo, akaikandamiza na yake juu.

Ningependa kusema nilihisi kwato au kichwa. Sikuhisi. Kulikuwa na uzito, na ulihama polepole kutoka kiganja hiki kwenda kile, kisha ukarudi. Hakuna kilichogonga. Mbuzi aligeuza shingo akawa anaangalia mikono yetu, ametulia, anatafuna.

"Hakuna kitu inagonga," Chepkemboi alinong'ona. "Siku ile haikuweko. Na leo haiko. Lakini tumbo inakua." Alikuwa bado ameikandamiza mikono yangu. "Mimi nilidanganya, Ooko. Sasa yeye ameniamini."

Nilitoa mikono yangu nikaifuta kwenye suruali. Nilimwambia aache upuuzi, kisha nikaenda nyumbani bila kuaga. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Kuanzia hapo nilikuwa nikipita njia ya juu ili nisilione lile banda.

Kiprugut ndiye aliyefurahi. Kila jioni alikuwa anasimama mlangoni pa banda akimsifu mbuzi, akihesabu wiki kwa vidole. Alianza kumwita Chepkemboi daktari. Watu walileta mbuzi wapimwe, naye Chepkemboi akawa anawarudisha, anasema mkono unauma. Alikonda. Agosti ilipokuwa inaisha alikuwa halali vizuri, na alikuwa anafikiria kitu kimoja tu. Aliniambia wazi, tukiwa tumesimama kwenye ukungu: "Ikitoka kitu huko ndani, itakuwa nini? Hii si ya beberu. Ni ya mdomo yangu."



Kiprugut alikwenda Gilgil kwa binti yake Chelangat wiki ya kwanza ya Septemba. Kesho yake, kumekucha tu, Chepkemboi alikuja mbio kwangu bila viatu. Tulipofika bandani Jumatano alikuwa amesimama katikati ya maji. Sizungumzii maji kidogo. Sakafu yote ya udongo ilikuwa imelowa, mkia na miguu ya nyuma inachuruzika, na maji yale yalikuwa meupe kidogo, yanatoa mvuke kwa ile baridi. Tulichukua fimbo, tukachokora kila pembe, tukainua majani yote. Hakukuwa na kitoto, wala kondo la nyuma. Tumbo lilikuwa limelala bapa.

Nilimpigia Jeff simu. Hakushtuka hata kidogo.

"Hiyo hutokea, mzee. Mbuzi inabeba maji peke yake, mwili inajidanganya iko na mimba. Ikifika wakati inamwaga. Haina shida, itapona."

"Na kama haijaona beberu?"

"Hata kama haijaona. Lakini iko na maziwa, ama? Basi itatafuta mtoto siku mbili tatu. Msijali, itasahau."

Nilimweleza Chepkemboi kila neno, na mimi mwenyewe moyo ulitulia. Nilitegemea na wake utatulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniuliza: "Jeff alisema nani aliidanganya?"

Jumatano alianza kutafuta. Kuna sauti ambayo mbuzi hana siku nyingine, ya chini, ya kooni, anayomwambia mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mtu yeyote aliyefuga anaijua. Aliisema ile sauti kwa ule udongo uliolowa. Aliulamba. Alizunguka, akasimama, akatanua miguu ya nyuma kama anayenyonyesha, akageuka kunusa mahali ambapo mkia wa kitoto ungekuwa, akaita tena. Maziwa yalimdondoka yenyewe. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakunywa maji, na sauti ikawa inakwaruza. Nilimsikia mpaka kwangu, nikawasha redio.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito, huoni mkono wako. Redio ilikuwa imezimwa. Nilikuwa naota moto jikoni niliposikia mbuzi mama akiita, na kitoto kikamjibu.

Kilikuwa kilio chembamba cha mtoto wa siku moja, kinachokatikakatika. Mama akaita, kikajibu tena. Nilitoka nikaenda kwa kupapasa ua, na kila hatua nilitamani kurudi. Kufika bandani niliweka jicho kwenye ufa wa mbao.

Chepkemboi alikuwa amechuchumaa kwenye majani, kichwa chake ubavuni mwa Jumatano, karibu na kiwele. Macho ameyafumba. Ile sauti ilikuwa inatoka kwake. Jumatano alikuwa anamlamba kitambaa cha kichwa, polepole, toka nyuma kuja mbele, na mdomoni alikuwa na majani. Alikuwa anakula.

Lango la boma likalia nyuma yangu. Kiprugut alikuwa ametokea kwenye ukungu, begi la safari begani, uso wote meno.

"Nimesikia kutoka huko barabarani!" alisema. "Shemeji alisema kweli! Imezaa ngapi, Ooko?"

Ndani kile kilio kikakatika. Niliona ule mgongo ukikakamaa, na Jumatano akaacha kutafuna, akaita, akangoja. Akaita tena. Chepkemboi hakugeuka kuniangalia. Alivuta pumzi, na kile kilio chembamba kikatoka tena, mbele yetu wote wawili.

"Mmoja," nilimwambia Kiprugut, nikasimama mbele ya ufa.