Mume Anayejifulia

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na mtaa mzima ulijua kwamba ukimpelekea nguo zako umempelekea na habari zako. Kola ya shati ilimwambia nani halali nyumbani. Mfuko ulimwambia nani kaanza tena kuvuta sigara. Mambo ya watu aliyajua kwa harufu tu, kabla hajatia sabuni. Ya nyumbani kwake hayakumnukia hata kidogo. Kinyozi hajinyoi.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la shule, mpole, mcheshi, mtu wa kupungiwa mkono na kila mtoto. Tangu mvua zilipoisha alikuwa ameanza kufua nguo zake mwenyewe. Akirudi tu, hata salamu haijaitikiwa, shati limo kwenye beseni. Na Mama Pasi, badala ya kujiuliza, alijigamba! "Nyinyi wenzangu mna wanaume," aliwaambia majirani, "mimi nina mume. Ananionea huruma, anajifulia." Wenzake waliguna kwa wivu. Sasa akiyakumbuka maneno hayo anatamani ardhi ipasuke.

Maana dalili zilikuwa zimejaa tele. Peremende mdomoni tangu asubuhi, kwa mtu ambaye hata chai hakutaka sukari. Usingizi wa kwenye kiti, kijiko kingali mkononi. Hasira za ghafla kwa jambo la kipuuzi, kisha kuomba radhi kupita kiasi. Mkwaruzo mrefu ubavuni mwa gari, ambao eti uliletwa na nguzo iliyokaa vibaya. Nguzo! Kila jambo lilikuwa na maelezo yake, na mke aliyameza yote. Wifi yake, aliyeishi chumba cha pili, alikuwa hodari wa kuongezea: "Kaka yangu amechoka tu, wifi. Kuendesha watoto wa watu si mchezo."

Asubuhi ile alikuwa akinyoosha shati jeupe la mteja. Kola ilikuwa imekauka mno, kopo la kunyunyizia halionekani, na chupa ya maji ya mumewe ilikuwa pale mezani, karibu na funguo za gari. Chupa ile dereva hakumwonjesha mtu. Alisema mafua yanaambukiza. Mama Pasi akanyunyiza kidogo, akaweka pasi.

Harufu iliyopanda ilijaza chumba. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alisimama akiwa ameduwaa hadi kola ikaanza kuungua, na kilichomuudhi zaidi hakikuwa pombe, ni upumbavu wake mwenyewe. Mume hakuwa akimwonea huruma. Alikuwa akiikimbia pua yake.

Dereva akatoka bafuni akifunga vifungo.

"Maji gani haya?"

"Mke wangu, tusianze asubuhi asubuhi. Ni kidogo tu, ya kutuliza mikono. Bila hiyo inatetemeka."

"Inatetemeka, na ndiyo unayoshikia usukani!"

"Watoto wananisubiri."

"Hawasubiri wewe. Wanasubiri kufika."

Akanyakua funguo, akazitia kifuani. Wifi akaja mbio, kilemba mkononi. "Tumsitiri jamani! Waambie gari bovu. Kesho atakuwa sawa."

"Nimemsitiri bila kujua, sasa basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi, na kifo chenyewe hapa kina watoto wa watu ndani."

Dereva alikaa kitandani akaanza kulia. Mama Pasi alimpenda mtu huyu, hilo ndilo lililomtia hasira zaidi, na machozi yale nusura yamrudishe nyuma. Akisema ukweli, kazi ya mumewe imekwisha leo hii. Asiposema, kesho chupa itajazwa tena. Akatoka.

Kituoni watoto walikuwa wamekusanyika na mikoba yao, mama zao wakitazama upande gari linakotokea. Wifi alimfuata nyuma akimvuta mkono.

"Vipi Mama Pasi, gari limeharibika?" mmoja akauliza.

Wifi alikwisha fungua mdomo.

"Gari zima kabisa," Mama Pasi akasema. "Dereva ndiye aliyelewa. Na si leo tu. Mume wangu ni mlevi. Haya wanangu, shikaneni mikono, tunakwenda kwa miguu."