Blanketi la Mzee Kaaya na Kodi ya Mapato

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama mbele ya karani wa kodi mjini Arusha, sijui hata viatu nilivyovaa ni vyangu au ni vya kazi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimeajiriwa na baraza kuandika historia ya koo za Wameru. Mshahara wangu ulikuwa umefikia kukatwa kodi ya mapato, nikasikia kwamba mtu akionyesha alichotumia kwa ajili ya kazi, fedha hiyo haikatwi kodi. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilikuwa nimeandika kila kitu: karatasi, wino, nauli, viatu vya kupandia mlima, sukari na ugoro wa wazee, na blanketi la Mzee Kaaya, aliyenisimulia mengi kuliko wote.

Karani, kijana wa Kichaga, mpole tu, akainua macho.

"Viatu hivi kanisani huendi navyo?"

"Naenda navyo."

"Na sukari, ni ya kazi au ni zawadi?"

"Ya kazi. Lakini... mtu haendi kwa mzee mikono mitupu."

Akakuna kichwa. Nami nikakuna changu.

"Mlete huyo mzee," akasema. "Atueleze mwenyewe."

Nikapanda mlimani kwa Mzee Kaaya na aibu yangu. Ningemwambiaje mzee wa watu kwamba sukari yake nimeipeleka serikalini? Nilipomweleza akacheka sana, na kesho yake tukashuka wote hadi barabarani, tukapanda basi.

"Shikamoo, mzee," karani akamwamkia.

"Marahaba. Sukari andika. Ugoro andika. Alikuja kutafuta habari, nilijua, nikampa." Kisha akanigeukia. "Ila blanketi umeliandikaje, mwanangu? Si uliniletea nilipofiwa na mke wangu, mama yenu?"

"Ndiyo, baba. Lakini ndiyo siku uliyonisimulia jinsi ukoo wako ulivyohamia huku juu. Kwa hiyo nikadhani..."

"Siku ile hukuniuliza kitu. Ulikaa nami tu. Nilisimulia kwa sababu ulikaa."

Nikaomba kalamu, nikalifuta blanketi. Karani akakubali vyote vilivyobaki isipokuwa viatu. Sukari sawa, viatu hapana, na mpaka leo sijaelewa kwa nini.

Ndani ya basi, tukirudi, nikamuuliza kwa woga kama ile habari ya ukoo naweza kuiandika.

"Iandike," akasema. "Ila anza na jina la mama yenu."

Basi, mwanangu, wewe unayeishi kwa kuuliza watu habari zao, tunza hesabu za kazi yako na udai haki yako bila haya. Lakini kabla hujaandika kitu kuwa gharama, jiulize ulikitoa ukiwa nani: mtu wa kazi, au mtoto wa nyumba ile? Ukichanganyikiwa, kama nilivyochanganyikiwa mimi, nenda kwa aliyekipokea. Kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie mkono unaoandika kweli, na popote utakapobisha hodi, wenyeji wakuitikie karibu.